Uzi maalumu: Kuchanganya mwenyewe dawa za kusafisha mikanda ya kamera ya rangi (mchakato wa C-41), kuanzia unga

#1 Mkandamrefu (Tabata)

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya muda mfupi humu anatokea mtu anauliza wapi Dar wanasafisha mikanda ya rangi, na majibu ni yale yale: studio fulani ilikuwa inasafisha lakini mashine imekufa, jamaa fulani anakusanya mikanda anaituma nje, unasubiri mpaka unasahau ulipiga nini. Kamera za mkanda zimerudi mitaani, dawa hazijarudi. Mimi nachanganya mwenyewe kuanzia unga, na nimeona niandike kwa ajili ya walio tayari kufanya hivyo. Kama unataka paketi ya kutia maji na kutumia, nunua paketi, hakuna aibu.

Wengi wanadhani sababu ni bei. Si bei. Ukijumlisha mizani, kemikali na usafirishaji, mikanda yako ya mwanzo itakuwa ghali kuliko paketi. Sababu ni uhai wa dawa. Divelopa ya rangi, yaani dawa ya kwanza inayotoa picha kwenye mkanda, ikishachanganywa inaanza kuliwa na hewa siku hiyo hiyo. Paketi ya lita moja inakulazimisha uchanganye lita nzima hata kama una mkanda mmoja tu mkononi, halafu unabaki unaikimbiza dawa isife. Mwenye unga anachanganya mililita 300 (tangi la kusafishia la kampuni ya Paterson kwa mkanda mmoja wa milimita 35 linataka 290), anasafisha, anamwaga, na siku akipata mkanda mwingine anachanganya mpya. Sisi tusiopiga mikanda mingi ndio tunaofaidika.

C-41 ni mchakato wa Kodak wa mwaka 1972, na mikanda ya rangi ya negativu ya kampuni karibu zote inaufuata, hata Fuji wanaouita CN-16. Divelopa dakika 3 na sekunde 15 kwenye nyuzi 37.8, blichi dakika 6 na nusu, maji, fiksa dakika 6 na nusu, maji, kisha dawa ya mwisho. Ndiyo yote.

Ndani ya mkanda kuna tabaka tatu za msingi, kila moja ina chumvi za fedha zinazosikia rangi yake ya mwanga. Kemikali inayoitwa CD-4 ikikuta chumvi iliyopigwa na mwanga inaigeuza kuwa fedha halisi, na yenyewe inaoksidishwa. Hiyo CD-4 iliyooksidishwa ndiyo inayoungana na kemikali iliyolala ndani ya tabaka na kuzaa rangi: manjano, majenta au sayani. Baadaye blichi inairudisha fedha kuwa chumvi, fiksa inaiyeyusha, inabaki rangi peke yake. Negativu ya rangi iliyokamilika haina fedha.

Nimeeleza hivyo kwa makusudi, kwa sababu kutokana na hapo utajua pa kuogopa na pa kutoogopa. Blichi ikiwa dhaifu, unaongeza muda. Fiksa ikiwa imechoka, unarudia na mpya, hata mwezi mwingine, hata mchana kweupe. Divelopa ndiyo haina marudio. Kwa hiyo pesa yako, umakini wako na mizani yako vyote viende kwenye divelopa.

Mapishi yanayozunguka kwa miaka mingi kwa lita moja ni haya:

potasiamu kaboneti kavu, gramu 37.5
sodiamu salfaiti kavu, gramu 4.25
haidroksilamini salfeti, gramu 2
potasiamu bromidi, gramu 1.5
potasiamu iodidi, miligramu 2
CD-4, gramu 4.75
pH (kipimo cha asidi na alikali) iwe 10.0 mpaka 10.1

Anza na maji kama mililita 800, yawe ya vuguvugu, koroga kimoja kiyeyuke ndipo utie kingine, CD-4 iwe ya mwisho kabisa, halafu jaza maji mpaka lita. Salfaiti lazima iwe imeshaingia kabla ya CD-4, kwa sababu ndiyo inayoilinda na hewa. Lakini msiongeze salfaiti mkidhani mnaongeza ulinzi: ikizidi inaikamata CD-4 iliyooksidishwa kabla haijazaa rangi, na negativu inatoka nyepesi. Ndiyo maana haidroksilamini ipo, inasaidia kulinda bila kuila rangi. Kaboneti inashikilia pH. Bromidi inazuia ukungu, yaani giza linalotokea mahali pasipopigwa na mwanga.

Iodidi ya miligramu 2 msijaribu kuipima, hakuna mizani ya mtaani itakayoiona. Yeyusha gramu 1 kwenye lita moja ya maji, weka kwenye chupa ya kahawia. Kila mililita ina miligramu 1. Unavuta mililita 2 kwa bomba la sindano la duka la dawa, kazi imeisha.

Mizani nunua ile ndogo ya masonara inayosoma gramu 0.01. Maji tumia yaliyokenekwa, yale ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, lakini SOMA CHUPA: kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na wauzaji wengine wanaviita jina moja. Maji ya kisima ya huku kwetu yana chumvi ya kutosha kukaanga samaki, hayafai.

Joto kwa Dar si tatizo kubwa kama watu wa ulaya wanavyolia. Maji ya bomba kwenye miezi ya joto yanakaribia nyuzi 30 yenyewe, unapandisha kidogo tu. Chukua deli lile la barafu, jaza maji ya nyuzi 38 na ushee, zamisha chupa za dawa na tangi humo. Deli linashikilia joto vizuri kuliko beseni, na umeme ukikatika katikati ya kazi hupati presha. Chupa ya chai yenye maji ya moto iwe pembeni kwa kuongezea. Kipimajoto kiwe cha maana, kwa divelopa uvumilivu wa kitaalamu ni robo ya nyuzi au chini ya hapo.

Maswali karibuni.

#2 kijana_wa_ilala

Mkuu nimesoma mara mbili, nimeelewa nusu. Naweka kambi hapa.

Swali la mshamba: hiyo potasiamu kaboneti siwezi kuweka magadi? Nyumbani yapo.

#3 Olkeri (Kajiado)

Hapa naingia kwa sababu Magadi ni jirani zangu, kiwanda kipo tangu 1911.

Magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, tena ya ziwani yanakuja na chumvi ya kawaida na floraidi. Huwezi kujua kila kimoja ni kiasi gani kwenye kipande ulichoshika. Kwa maharage sawa, kwa divelopa hapana.

Ila soda ash iliyosafishwa, yaani sodiamu kaboneti kavu ya maabara, hiyo inaweza kusimama badala ya ya potasiamu. Kwa hesabu ya kemia gramu 37.5 za potasiamu kaboneti ni sawa na gramu 28.8 za sodiamu kaboneti kavu. Usiishie kwenye hesabu, pima pH na ujaribu kwa mkanda usio na thamani kwanza, kwa sababu sodiamu na potasiamu hazifanyi kazi sawasawa ndani ya jelatini, ule utando wa mkanda unaobeba tabaka za picha.

#4 Bint Shangani (Unguja)

Assalaam alaykum. Kaka Mkandamrefu, maelezo mazuri lakini umeruka jambo moja ambalo sisi wa visiwani linatuua: unyevu. Potasiamu kaboneti ukifungua kopo hapa Mji Mkongwe, ukarudi jioni, imeshanyonya maji mpaka inang'aa. Ukiipima gramu 37.5 siku hiyo, sehemu yake ni maji. Dawa inatoka dhaifu na mtu analaumu CD-4.

Ninavyofanya mimi: siku ninayofungua kopo jipya, nayeyusha yote mara moja. Gramu 375 ndani ya maji, najaza mpaka lita moja. Inayeyuka bila shida, ina joto kidogo tu. Halafu kila nikichanganya divelopa, mililita 100 za hiyo ni gramu 37.5 kamili. Chupa ifungwe vizuri, basi. Kwa mililita 300 za divelopa navuta mililita 30.

Salfaiti nayo ikae kwenye chupa ndogo zilizojaa, kwa sababu hewa inaigeuza salfeti pole pole na kwa macho huoni tofauti, unga ni mweupe vile vile.

#5 Mkandamrefu

Dada, hii ya kuyeyusha kopo zima nimeichukua. Ingekuwa humu kuna kubandika posti juu ningeibandika.

#6 Ntemi_Leicester

Kwa mnaouliza CD-4 inapatikana wapi: kemikali nyingine zote mnaweza kupata kwenye maduka ya vifaa vya maabara za shule, CD-4 ndiyo ya kuagiza. Huku Uingereza, Ujerumani na Marekani kuna wauzaji wa kemikali za picha wanaopima kwa gramu 25, 50, 100. Gramu 100 ni lita 21 za divelopa, kwa mtu wa mkanda mmoja mmoja ni maisha.

Mambo mawili. Msimwambie ndugu yenu aweke kwenye begi la ndege. Ni unga mweupe usio na maelezo, tena una sumu, mtamtia matatani bure. Na kwa Tanzania kemikali ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ulizeni kwao kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kukwama.

Ikifika, igawe kwenye vichupa vidogo vya dozi, funga, tia friza. Nzuri ni nyeupe au ya krimu. Ikianza kuwa kahawia imeshaanza kuoksidika.

#7 Fundi wa Zamani (Mwanza)

Vijana hamjambo.

Mimi nimesimama kwenye mashine ya minilab (ile ya studio ya kusafisha na kuchapisha picha) miaka ambayo harusi moja ilikuwa inaleta mikanda kumi na wateja wanapanga foleni Jumatatu asubuhi. Nimesoma uzi huu wote. Mnafanya kazi nzuri lakini mnadanganyana kwenye jambo moja, mnaongelea divelopa kama vile ikishatoa picha basi iko sawa.

Sisi kila asubuhi kabla ya kugusa mkanda wa mteja tulipitisha kipande cha majaribio, kilichopigwa mwanga kiwandani, halafu tunakisoma kwa densitomita, kifaa cha kupima uzito wa rangi kwenye mkanda, na kuchora kwenye chati. Nyekundu, kijani, bluu, kila moja mstari wake. Mstari ukitoka nje ya mpaka, mashine haifanyi kazi mpaka ujue kwa nini. Na wakati huo dawa ilikuwa ya kiwandani. Leo mtu anapima kwa mizani ya sonara jikoni, pH anaisoma kwa karatasi ya rangi, anaskani, anarekebisha kwenye simu, anasema "imetoka".

#8 Mkandamrefu

Shikamoo mzee.

Sikatai kipande cha majaribio. Ila mzee, enzi zenu negativu ilikuwa inaenda kwenye karatasi, na karatasi haisamehe. Sisi tunaskani. Rangi ikiegemea kidogo kwenye kijani unairudisha.

#9 Fundi wa Zamani

Marahaba mwanangu.

Ikiegemea yote kwa pamoja, unairudisha, nakubali. Lakini divelopa ikiwa na pH au joto lisilo sahihi, tabaka tatu hazikosei kwa kiasi kimoja. Iliyo juu dawa inaifikia mwanzo, iliyo chini inaifikia mwisho. Unapata vivuli vya kijani na mwanga wa waridi kwenye picha moja. Ukivuta kijani kwenye kivuli, uso wa bibi harusi unakuwa wa zambarau. Ukirekebisha uso, kivuli kinaharibika. Hapo skana inakukaushia.

Na ngozi zetu zinaonyesha kasoro hiyo haraka sana. Picha ya maua hutajua. Piga uso wa mtu mweusi aliyekaa nusu kivulini nusu juani, ndipo utaiona dawa yako.

#10 kijana_wa_ilala

Mzee ameua. Hiyo ya nusu kivuli nusu jua naihifadhi.

#11 Mkandamrefu

Sawa mzee, hapo umenishika. Basi tupe njia ya mtu asiye na densitomita wala vipande vya kiwandani.

#12 dr_tumbo

Samahani kwa kukatiza. Kabla hamjaendelea na rangi, CD-4 ni ndugu wa parafenilenidiamini, ile iliyo kwenye rangi nyeusi ya nywele, ambayo watu wanaitia kwenye piko ili ikolee. Mnajua wenyewe mikono inavyovimba na kutoa malengelenge baada ya harusi. Divelopa za rangi zinajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi kwa wafanyakazi wa maabara za picha, na mzio huo ukishaingia hautoki. Unaweza kuishika mara nyingi bila tatizo, siku mwili ukiikataa ndiyo basi, tone moja linatosha.

Aliyewahi kuvimba kwa piko au kwa rangi ya nywele, ushauri wangu ni aachane na kazi hii kabisa. Wengine glavu za nitrili kila mara, na barakoa wakati wa kupima unga. Msitumie vijiko, jagi wala sufuria ambavyo vitarudi jikoni. Haidroksilamini nayo ina sumu na haitakiwi kupashwa moto ikiwa unga, msiiweke karibu na jiko.

#13 Olkeri (Kajiado)

Nakazia. Mafundi wa zamani wengi walikuwa wanaingiza mkono mtupu.

#14 Fundi wa Zamani

Tuliingiza. Mwenzangu mmoja vidole vilichubuka mpaka akahamishiwa mapokezi.

#15 Zeze

Blichi. Mbona hakuna anayeandika mapishi ya blichi? Nina potasiamu ferisianaidi kutoka kwenye dawa zangu za mikanda nyeusi na nyeupe, inafaa?

#16 Mwalimu wa Kemia

Inafaa, kwa masharti. Ferisianaidi kama gramu 40 na potasiamu bromidi kama gramu 25 kwa lita inapausha haraka na kwa nguvu. Tatizo ni nguvu hiyo hiyo: ikikuta divelopa iliyobaki kwenye jelatini inaioksidisha yote papo hapo, na unapata rangi mahali pasipo na picha, ukungu juu ya mkanda mzima. Kwa hiyo baada ya divelopa uweke dawa ya asidi hafifu ya kuisimamisha divelopa, asidi ya siki ya asilimia 1 au 2 inatosha, kisha maji mengi, ndipo ferisianaidi. Ukifupisha maji hayo utajuta.

Jina lisiwatishe kupita kiasi, lakini lisidharauliwe. Ikiwa peke yake haina sumu kali. Ikichanganywa na asidi kali, hasa ya moto, inaweza kutoa gesi ya sianaidi. Msiimwage pamoja na dawa za kusafishia vyoo zenye asidi. Na isikae chupa moja na fiksa, zinaharibiana.

Blichi ya viwandani ni ya chuma kilichofungwa na EDTA (kemikali inayoshika metali) au ndugu yake PDTA, pamoja na bromidi. Ni pole zaidi, haikupi ule ukungu kirahisi. Kwenye maduka ya pembejeo kuna mbolea ya chuma ya EDTA, ile yenye chuma asilimia 13 wanayonyunyizia nyanya za kwenye vitalu, na wako wanaochanganya blichi kutokana nayo, wakiongeza bromidi na kushusha pH iwe kama 6. Inakwenda polepole. Ipe dakika 10, 15. Huwezi kuzidisha, blichi ikimaliza fedha haina kingine cha kula.

#17 Mkandamrefu

Naongezea juu ya Mwalimu: blichi ya chuma inapenda hewa. Kila baada ya matumizi itikise chupa ikiwa nusu, au imimine kutoka jagi hili kwenda lile, oksijeni inairudishia nguvu. Divelopa kinyume chake, chupa ijae mpaka mdomoni. Wanaoanza wanavichanganya hivi viwili.

Paketi nyingi zina bliksi, yaani blichi na fiksa ndani ya chupa moja. Mimi siipendi. Vitu viwili vinavyokulana vimefungiwa chumba kimoja, ikizeeka inaacha fedha ndani ya mkanda. Ukitengeneza vyako, vitenganishe.

Fiksa sina la kusema sana. Fiksa ya haraka ya mikanda nyeusi na nyeupe, ya amonia, isiyo na kigumishi, inafanya kazi. Ile fiksa ya kizamani inayoitwa "hypo" (sodiamu thayosalfeti) nayo inafanya kazi lakini taratibu, kata kipande cha mkanda, kitumbukize, hesabu mpaka kiwe angavu, muda wako ni mara mbili ya huo.

#18 Asia_M

Naombeni msaada. Mkanda wangu umetoka na giza, kama kuna vumbi la kijivu ndani yake, na rangi ya chungwa haionekani vizuri. Nilitumia bliksi ya paketi ya siku nyingi. Umekufa?

#19 Mkandamrefu

Haujafa dada. Hiyo ni fedha iliyobaki. Changanya blichi mpya peke yake, rudisha mkanda kwenye tangi, blichi, maji, fiksa mpya, maji, dawa ya mwisho. Unaweza kufanya hata sebuleni taa ikiwaka. Ile chungwa itajitokeza, ni ya kawaida kwa negativu, imewekwa kiwandani kusahihisha kasoro za rangi za mkanda wenyewe.

#20 Asia_M

MREJESHO: imerudi!! Picha zote zipo. Mungu awabariki.

#21 kijana_wa_ilala

Kuna jamaa anauza mikanda ya sinema aliyoikata na kuiviringisha kwenye vikopo vya 35, bei poa. Naweza kuisafisha na dawa hii?

#22 Mwalimu wa Kemia

Mikanda ya sinema imetengenezwa kwa ECN-2, inatumia CD-3, si CD-4, nyuzi 41.1 kwa dakika 3. Kwenye C-41 picha inatoka ila kontrasti inapanda na rangi zinapinda. La muhimu zaidi, mingi ina tabaka jeusi la kaboni mgongoni, linalolainishwa kwa maji ya alikali na kufutwa. Usipolitoa litachafua dawa zako zote. Kama unamwachia fundi mwingine akusafishie, mwambie wazi ni mkanda wa sinema.

#23 Bint Shangani

Dawa ya mwisho hamjaigusa. Zamani ilikuwa na fomalini, kwa sababu rangi ya majenta ya mikanda ya wakati ule bila fomalini ilikuwa inapauka. Mikanda ya sasa haihitaji fomalini lakini inahitaji kitu cha kuzuia kuvu na bakteria, kwa sababu haina tena fedha ya kuwazuia. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani hii si ya kuruka. Nunueni ile ya kiwandani, haina bei kubwa, na matone yanayokausha bila madoa yamo humo humo. Fomalini ndani ya nyumba yenye watoto, msilete.

#24 Zeze

Na fiksa iliyotumika mnaimwaga wapi? Nakaa nyumba ya kupanga, karo moja watu sita.

#25 Fundi wa Zamani

Sisi hatukumwaga, kulikuwa na watu wanakuja kuinunua kwa ajili ya fedha iliyomo. Kwa nyumbani, iweke kwenye dumu na stili wulu ya chuma ile inayoshika kutu, si ile ya kung'aa isiyoshika kutu. Chuma kinayeyuka, fedha inaganda chini kama tope jeusi. Iache siku kadhaa. Tope likusanye kwenye chupa, likiwa jingi sonara anaweza kulitazama. Divelopa ya mililita 300 iliyotumika imwagwe na maji mengi, isiende kwenye bustani wala kisimani.

Sasa turudi kwenye swali la Mkandamrefu la namba 11, sikulisahau, nilikuwa namtafutia jibu la mtu asiye na mashine.

Nunua mkanda mmoja wa aina unayoitumia zaidi. Tafuta siku yenye mwanga usiobadilika, asubuhi kama saa nne, mbingu wazi. Weka kadi ya kijivu, kitambaa cheupe, kitambaa cheusi, na mtu akae nusu kivulini. Kamera juu ya miguu mitatu. Piga mkanda wote picha ile ile, mwanga ule ule, bila kugusa kitu. Ndani ya mfuko wa giza kata vipande vya picha nne nne, kila kimoja kwenye kikopo chake cheusi, vyote friza. Kipande kimoja mpe mtu anayetuma mikanda nje, kisafishwe kwenye maabara inayopimwa kila siku. Hicho kikirudi ndicho hakimu wako.

Kila ukifungua kopo jipya la kemikali, au ukibadili maji, au CD-4 ikianza kukutia shaka, toa kipande kimoja friza, kiache kipate joto la chumba bado kimefungwa, kisafishe peke yake, kiweke kwenye kioo chenye mwanga kando ya hakimu. Angalia kadi ya kijivu, halafu angalia uso. Ikiwa nyepesi kote, dawa ni dhaifu au joto limeshuka. Ikiwa nzito kote, joto au muda umezidi. Kivuli kikienda upande huu na mwanga upande ule, kagua pH kabla ya kitu kingine chochote.

#26 Mkandamrefu

Mzee, picha nne kwa kipande zinatoa vipande tisa kwa mkanda wa 36. Naona hata mbili zingetosha?

#27 Fundi wa Zamani

Zingetosha kama unaona gizani. Ukikatia ndani ya mfuko kwa kupapasa utakata katikati ya picha, na kingo utazishika kwa vidole. Nne zinakuachia moja au mbili safi katikati. Na vaa glavu, dr_tumbo ameshasema.